Matumbo ya Mama Achieng na Kustaafu Kwangu

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, afya njema na meno yote. Ninyi wa kidato cha pili mnaoichukua kazi hii mmeniomba niwaandikie jinsi inavyofanywa. Habari ya vyeo mtanisamehe, kwa sababu sikuwahi kupandishwa: nilianza nikiwa mwonjaji wa gazeti la ukutani na nimemaliza nikiwa mwonjaji wa gazeti la ukutani. Malipo pia hakuna cha kusimulia. Mhariri alinipa kalamu mara moja, na muhula uliofuata akaitaka irudi.

Kwa wale ambao hawasimami kusoma karatasi zilizobandikwa nje ya ofisi ya walimu, kazi yenyewe ni hii. Kila Jumamosi unaenda kula mahali fulani hapa Eldoret, na Jumatatu unaandika nusu ukurasa kuhusu ulichokula. Mwishoni unatoa vijiko. Vijiko vitano ni hoteli ambayo ungempeleka mwalimu mkuu. Kijiko kimoja ni hoteli ambayo ungempeleka mwalimu mkuu akiwa amekuudhi.

Aliyenifundisha ni Wafula wa kidato cha sita, kijana mrefu, mkimya, anayekula polepole kama mtu anayesikiliza redio. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya hoteli moja karibu na soko akaniuliza naona nini.

"Naona hoteli," nikasema.

"Unaona mlango. Hoteli iko nyuma."

Tukazunguka. Nyuma kulikuwa na sufuria zimepinduliwa juu ya mawe zikauke, nyeusi tititi kwa nje. Wafula akainua moja akanionyesha ndani, inang'aa kama sahani ya arusi. "Nyeusi nje ni kazi," akasema. "Nyeusi ndani ni uvivu." Akairudisha. Mwenye hoteli akatoka kuuliza tunatafuta nini na sufuria yake. Wafula akamjibu kwamba tunatafuta chakula, jambo ambalo lilikuwa kweli, na tukaingia kula.

Vifaa ni vitatu. Kijiko chako mwenyewe, kwa sababu vijiko vya hoteli nyingi bado vina ladha ya mteja aliyetangulia. Kitambaa, kwa ajili ya supu na heshima. Na daftari dogo linaloingia mfuko wa shati, ambalo hutalifungua ndani ya hoteli hata ukitishiwa. Mimi nililifungua mara moja, hoteli ya jirani na korti, chini ya picha ya Rais. Meza nzima ikanyamaza. Siku hizi mtu akikuona unaandika huku unamwangalia, anakumbuka ghafla kwamba ana safari. Nilibaki peke yangu na maharagwe ya watu watatu. Niliyaonja yote, kazi ni kazi.

Kisha angalia nani anakula. Makarani wa korti wanachagua hoteli kwa usafi. Utingo wa malori wanachagua kwa ukubwa wa chapati. Walimu wanachagua mahali ambapo wanafunzi hawafiki, kwa hivyo mkimwona mwalimu, tokeni polepole bila kukimbia.

Kuna hoteli ya wakulima ambayo hujaa siku ya soko watu wa Kapseret wakishuka na mitungi yao ya maziwa. Huko ndiko nilikoonja maziwa ya kibuyu mara ya kwanza. Sisi nyumbani tulihamia hapa kutoka upande wa Nyandarua, baba akafungua duka Langas, na maziwa niliyoyajua yalikuwa meupe pekee. Haya yalikuwa na madoadoa ya kijivu. Nikatazama ndani ya kikombe, nikaona mkaa, na kichwani nikaanza kuandika kijiko kimoja. Wafula akaniona uso. "Uliza kwanza," akasema. Mzee aliyekuwa karibu akatueleza jinsi mama yake alivyokuwa akichoma kijiti cha mti fulani na kusugua nacho ndani ya kibuyu, na maziwa yakakaa wiki mbili bila kuharibika, yakitoa harufu ya moshi mtamu. Nilikunywa vikombe viwili. Nikatoa vijiko vinne. Kimoja nilikibakiza kwa sababu mzee aliendelea kueleza mpaka soko likafungwa.

Nilifaulu mtihani wa maziwa nikafikiri nimemaliza silabasi.

Wafula alipomaliza shule nikabaki peke yangu, na huo ulikuwa wakati mzuri. Nilionja viazi vya Timboroa vikichemshwa kando ya barabara kwenye baridi kali, mvuke mwingi hadi humwoni anayekuuzia. Nilihudhuria harambee tatu za shule ambazo sikualikwa, kwa kufuata moshi. Jumapili ya mavuno kanisani nilijifunza kwamba wamama wanaopika pamoja hawakubaliani kuhusu chumvi hata siku moja, na kwamba ukisimama katikati yao na sahani, kila mmoja atakuongezea kukuthibitishia yake ni bora. Mambo haya hayako kwenye vitabu.

Sasa nifike kwa Mama Achieng, kwa sababu ndiyo kesi mliyoniuliza, na najua mmesikia nusu yake.

Mama Achieng alikuwa na hoteli ya mabati si mbali na kiwanda cha nguo. Mwenyewe ni mtu wa upande wa ziwa, na wafanyakazi wa kiwanda waliotoka huko walikula kwake kila siku. Benchi mbili, meza mbili, kalenda ya kampuni ya mbolea, na sifa yake ni matumbo ya mbuzi. Nilienda Jumamosi mbili mfululizo kutazama tu. Niliona kwamba mtu akiingia na kumsalimia kwa Kijaluo, mwiko wake unashuka zaidi ndani ya sufuria. Akiingia na "habari ya saa hii, mama," mwiko unashuka kawaida. Nikasema hii ni elimu, itumike.

Jumamosi ya tatu nilikuwa nimefundishwa salamu na mwenzangu wa dawati. Nikaingia saa sita unusu, hoteli imejaa.

"Oyawore, mama."

Akageuka. "Oyawore, nyathina, mtoto wangu. Lakini asubuhi imeisha kitambo. Wewe ni wa wapi?"

"Upande wa ziwa, mama," nikasema, huku nikitazama matumbo.

"Na Kijaluo chako kimekauka hivyo?"

"Tumekaa mjini sana."

Akacheka, akapita sufuria kubwa iliyokuwa mbele, akainama kwa nyingine ndogo nyuma ya jiko. Mwiko ukashuka. Alinijazia bakuli mpaka nikaona aibu kidogo, aibu ambayo ilipita haraka.

Nikaonja. Wenzangu, mmewahi kunywa klorokwini, ile dawa ya malaria, bila maji? Uchungu uliingia ulimini, ukapanda puani, ukakaa. Nilitazama watu wengine. Mzee mmoja wa kiwandani, jina lake Okoth, alikuwa anapangusa bakuli lake kwa ugali na macho yamefumba. Nilikula lote kwa sababu Mama Achieng alikuwa ananitazama akitabasamu, kisha nikaenda kunywa maji ya mfereji wa jirani mpaka jirani akauliza kama kwetu maji yamekatwa.

Hapo ndipo palipokuwa na swali la kuuliza, na sikuliuliza. Nilikuwa tayari na mzaha, na mzaha mzuri ukishakuja, mimi hukimbia nao kabla haujapoa. Jumatatu nikaandika kwamba matumbo ya hoteli ya mabati karibu na kiwanda ni chungu kwa sababu moja: yule mbuzi alikufa kwa malaria kabla ya kumaliza dozi, na sasa wateja wanammalizia. Kijiko kimoja.

Kila kitu kinachobandikwa hupitia kwanza kwa mwalimu wa Kiswahili na kalamu yake nyekundu. Aliusoma ukurasa wangu mara mbili akitafuta siasa. Hakuna aliyemwambia atafute matumbo. Akatia sahihi, ukabandikwa, na kufikia saa nne nilikuwa mtu maarufu. Wavulana wa kidato cha nne walinipa mkono.

Jumatano wakati wa mapumziko Chebet akanifuata kwenye mifereji ya maji. Chebet ni wa darasa langu, na baba yake ni Bwana Afya wa manispaa, yule anayezunguka hotelini na mkoba na kofia.

"Baba alienda," akasema.

"Alienda wapi?"

"Kwa hiyo hoteli yako ya malaria. Nilisimulia nyumbani tukikula. Mama alicheka. Baba akaweka uma chini."

"Si ni mzaha, Chebet."

"Umeandika mbuzi alikufa. Hukuandika alichinjwa. Baba anasema hiyo ni nyama ya mzoga." Akaangalia viatu vyake. "Ameweka karatasi mlangoni. Imefungwa mpaka Ijumaa aamue. Na huyo mama ameomba barua ya ruhusa ya kupika kwa maonyesho ya kilimo, na mwisho wa Baba kuitoa ni Ijumaa hiyo hiyo saa sita. Baba akiamua vibaya, huyo mama hapati nafasi, na hoteli yenyewe pia basi."

Nilimwambia basi baba yake amtafutie yule mbuzi kaburi. Hakucheka. Mimi pia sikucheka, na hapo nikajua mambo ni mabaya.

Jioni baada ya masomo nilienda. Karatasi ilikuwa mlangoni, imegongwa misumari minne kana kwamba ingetoroka. Nikazunguka nyuma kama nilivyofundishwa. Mama Achieng alikuwa ameketi juu ya kreti anachambua maharagwe ambayo hakuwa na wa kumpikia. Mzee Okoth alikuwa kando yake na bakuli tupu mapajani, kama mgomo wa mtu mmoja.

"Kijana wa nyumbani," Mama akasema aliponiona. "Umekuta tumefungwa. Kaa, kuna chai."

Nikakaa. Chai ikaja.

"Mtoto fulani wa shule ameandika ninapika mizoga," akasema. "Sijui nilimkosea nini. Miaka tisa niko hapa. Hata mbwa hajawahi kuharisha kwa chakula yangu."

"Huyo mtoto hana mama," akasema Mzee Okoth. "Mtu mwenye mama hawezi kusema matumbo ni mabaya kwa sababu ni machungu. Sasa yatakuwa nini? Sukari?"

Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuifahamu, kwa nini yawe machungu.

Wakanitazama wote wawili.

"Wewe," Mama akasema pole pole, "kwenu hawatii nyongo?"

Nikainamia kikombe changu. Alidhani ni aibu ya mtoto wa mjini, akainuka, akanionyesha. Kifuko cha kijani kilichofungwa uzi, kinaning'inia kwenye msumari mahali penye kivuli. Akichinjiwa mbuzi huko machinjioni anakiomba kando, kwa sababu wachinjaji wengine wanatupa. Akanieleza kwamba anadondosha kidogo mwishoni, akihesabu matone kwa midomo, kwa sababu tone moja zaidi linaharibu na tone moja pungufu watu wa kiwandani wanauliza kama anaumwa. Sufuria kubwa ya mbele ni ya kila mtu, haina nyongo. Ile ndogo ya nyuma ni ya watu wa kwao.

"Kwa hivyo wageni huwapi hiyo?" nikauliza.

"Nimpe mgeni nyongo, amenikosea nini?"

Niliimaliza chai. Ningeweza kusema pale pale. Nawaambia ukweli wa kazi: nilisema asante, nikaenda nyumbani, na Alhamisi nilikuwa mgonjwa wa ugonjwa ambao haukupatikana.

Ijumaa asubuhi nilienda kwa mwalimu wa Kiswahili kuomba ruhusa. Nilimweleza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Na sahihi yangu iko chini," akasema. "Twende wote."

Bwana Afya alikuwa ameshafika. Karatasi bado ilikuwa mlangoni lakini mlango ulikuwa wazi, na Mama Achieng alikuwa amewasha jiko kwa sababu alitakiwa apike mbele yake, hatua kwa hatua. Sufuria zote mbili zilikuwa tayari zinatokota. Mzee Okoth alikuwa ameketi benchi ya mbele. Bwana Afya alikuwa anaangalia ubavu wa mbuzi wenye mhuri wa zambarau wa machinjio.

"Mhuri uko," akasema. "Lakini huu ni wa nyama ya leo. Mimi nauliza ya Jumamosi ile."

"Bwana Afya," mwalimu akasema, "huyu ndiye aliyeandika."

Mama Achieng aligeuka na mwiko mkononi. Alinitazama, akamtazama mwalimu, akangoja mtu mwingine aingie mlangoni nyuma yetu. Hakuna aliyeingia.

"Wewe ulijuaje yule mbuzi alikuwa na malaria?" Bwana Afya akaniuliza.

"Sikujua, bwana. Nilitunga."

"Mbuzi hashikwi na malaria."

"Ndiyo, bwana."

"Na uchungu?"

"Uchungu ulikuwa wa kweli. Ni nyongo. Iko ile pale kwa msumari."

Akaenda akakitazama kile kifuko, akakinusa, akaandika. Kisha akafungua sufuria kubwa, akaonja kwa kijiko. Akafungua ndogo, akaonja, na uso wake ukajikunja kama karatasi ya peremende.

"Hii ni chungu," akasema.

"Asante kwa ripoti," akasema Mzee Okoth.

Bwana Afya hakugeuka. "Mama, hii ndogo unapatia nani?"

"Watu wetu. Mgeni simpi."

"Basi huyu kijana aliipataje? Huyu ni Mkikuyu. Baba yake namjua, ana duka Langas. Ama unapatia watu bila kuwaambia?"

Hapo ndipo palipokuwa na hatari yote, na niliiona. Kama Mama alimwekea mtu yeyote nyongo bila kumwambia, Bwana Afya angekuwa na la kuandika. Alikuwa ameshaanza kugeuza ukurasa. Mama Achieng alifungua mdomo, lakini jibu lilikuwa kwangu.

"Nilimdanganya," nikasema. "Nilimsalimia kwa Kijaluo. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia upande wa ziwa. Niliona watu wa kwao wanajaziwa zaidi."

Sufuria zilikuwa zinatokota. Mwalimu alitazama kalenda ya mbolea kwa bidii.

"Kwa hivyo alikupa kama mtoto wake," Bwana Afya akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Na ukaenda ukaandika hivyo."

"Ndiyo, bwana."

Hakunipiga wala hakunipa somo, ingawa ningependelea afanye mojawapo. Aliandika kwa muda mrefu. Alimwambia Mama kwamba sufuria ya nyongo lazima itengwe na mteja aambiwe kabla ya kupakuliwa, awe wa ziwani au wa mwezini. Akapiga mhuri kwenye barua ya maonyesho saa tano na robo, akang'oa karatasi mlangoni mwenyewe, na misumari akaiweka mfukoni.

Mwalimu akaondoka naye. Mzee Okoth akasogeza bakuli lake mbele, akapakuliwa. Mimi nikabaki nimesimama.

"Naweza kuandika nyingine," nikasema. "Ya kusahihisha."

"Nani anasoma ya kusahihisha?" Mama Achieng akasema. Hakuwa anafoka. Alikuwa anafuta mwiko. "Ile ya kwanza watu wamesoma na wamecheka. Wa kiwandani watarudi. Wengine wote, wale wa sufuria kubwa, nitawatoa wapi? Wewe utakuja maonyesho. Siku zote tatu. Utasimama hapo mbele na utawaambia watu hii ni nini na hii ni nini. Na usiwachekeshe."

Nilibandika ya kusahihisha hata hivyo. Alikuwa amesema kweli, waliisoma watu wanne, na mmoja alikuwa Chebet. Chini yake niliandika kwamba ninaacha kazi, kwa sababu sikuona jinsi ya kuendelea kumpima mtu kwa vijiko kisha nitazame uso wake.

Siku ya kwanza ya maonyesho ilikuwa ngumu. Mama alipewa kona ya mbali, baada ya ng'ombe wa maziwa. Sufuria kubwa kushoto, ndogo kulia, mimi katikati na aproni ya binti yake yenye maua. Wanafunzi wa shule yetu walipita wakiniita daktari wa mbuzi. Watu wa kiwandani walikuja, wakala, wakaenda. Wengine walisogea, wakanusa, wakaambiana jambo, wakaenda kwa mahindi ya kuchoma. Kufikia saa saba sufuria kubwa ilikuwa haijapungua hata kiasi cha mwiko mmoja. Mama Achieng aliketi nyuma yangu akiongeza kuni ambazo hazikuhitajika.

Akaja mama mmoja kutoka Cheptiret na mtoto mgongoni, viatu vimejaa tope la zizi. Akatazama sufuria, akanitazama mimi na maua yangu.

"Hii ni nini, kijana?"

"Matumbo ya mbuzi, mama. Hii kubwa imepikwa na nyanya na vitunguu. Hii ndogo imetiwa nyongo. Ni chungu."

"Chungu namna gani?"

Nilikuwa na majibu manne tayari, yote ya kuchekesha. Niliyapitia moja moja nikayaacha.

"Mara ya kwanza inauma," nikasema. "Inakaa hapa nyuma ya ulimi. Leo asubuhi nimekula mara ya pili na imekuwa tofauti. Baada ya uchungu nyama inakuwa tamu kuliko ambavyo ingekuwa bila uchungu huo. Sijaielewa bado. Ukitaka, anza na hii kubwa."

Yule mama akafikiria. Mtoto mgongoni naye akatoa kichwa kutazama.

"Nipatie kubwa," akasema. "Na kidogo ya hiyo, tuone."

Nikachukua bakuli. Nikapakua kutoka sufuria kubwa, kiasi cha kawaida, kisha nikachovya ncha ya mwiko kwenye ndogo. Nyuma yangu kuni zikaacha kusukumwa.

"Jaza," akasema Mama Achieng.

Nikajaza.